Chupa za Kale Ufukweni: Namna ya Kutambua Umri Wake na Wajibu wa Anayeziokota

Maji ya bahari yanapokupwa sana wakati wa bamvua, fukwe za Tanga, Pangani, Bagamoyo, Mafia, Kilwa na Mtwara hubaki wazi kwa saa kadhaa, na pamoja na kome, chaza na vipande vya vigae huonekana chupa. Nyingine hulala juu ya mchanga, nyingine huchomoza nusu kwenye tope la mikoko, na nyingine hufichuliwa pale mawimbi ya kusi yanapomega kingo za ufuko. Wanaoziokota huziosha na kuzitumia nyumbani, huziuza kwa wageni kama mapambo, au huzitupa kwa hofu ya kukata miguu ya watoto.

Chupa nyingi kati ya hizo ni za kawaida na hazina sharti lolote la kisheria. Zipo, hata hivyo, chache ambazo sheria ya nchi inazihesabu kuwa masalia ya kale, na ambazo mtu akizikuta anawajibika kutoa taarifa. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haitokani na uzuri wa chupa wala na bei anayotaja mnunuzi. Inatokana na mwaka ambao chupa ilitengenezwa, na mwaka huo, kwa sehemu kubwa, unaweza kusomwa na mwananchi yeyote kwa macho na ncha ya kidole.

Mwaka 1863 na maana yake kisheria

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1979, inatambua kuwa masalia ya kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ulinzi huo haukuwekwa kwa ajili ya vitu vya thamani pekee. Chungu cha kupikia, ushanga, sarafu ya shaba na chupa ya mvinyo vyote vinaingia katika maelezo hayo, mradi tu vilitengenezwa kabla ya mwaka huo.

Mtu anayegundua masalia ya aina hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale, kwa ofisa wa Serikali wa eneo lake, au kwa Makumbusho ya Taifa. Aidha, kuchimba kwa lengo la kutafuta vitu vya kale kunahitaji kibali, na kusafirisha vitu hivyo nje ya nchi nako kunahitaji kibali. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake yenyewe ya mambo ya kale, na anayeokota kitu Unguja au Pemba anapaswa kuelekea huko.

Mpaka huo wa miaka hutofautiana baina ya nchi na nchi. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini humo au kuingizwa humo kabla ya mwaka 1895. Kwa hiyo chupa iliyotengenezwa Uingereza na kufika Afrika Mashariki mwaka 1880 haifikii mpaka wa mwaka 1863 ikiwa imeokotwa Moa, upande wa Tanzania, lakini inaweza kuwa kitu cha kale kisheria ikiwa iliingizwa na kuokotwa Vanga, upande wa pili wa mpaka. Wakazi wa maeneo hayo wana sababu ya ziada ya kujua umri wa kile walichonacho mkononi.

Chupa zilivyofika pwani

Kioo kilifika pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya meli za Ulaya. Wanaakiolojia waliochimba Unguja Ukuu na Kilwa Kisiwani walikuta vipande vya vyombo vya kioo vilivyoletwa kutoka Mashariki ya Kati pamoja na shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi. Vipande hivyo kwa kawaida ni vidogo na vyembamba, na havifanani na chupa kama tunavyoijua leo. Jambo hili lina funzo lake: kipande chembamba kama ukucha, kilichookotwa karibu na magofu, kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko chupa nzima yoyote iliyopo ufukweni.

Chupa nzito za vileo za Ulaya ziliongezeka pale wafanyabiashara wa nchi hizo walipozidi kufika. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa kwa ajili ya biashara ya watumwa. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, na meli kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinaleta Zanzibar vitambaa ambavyo watu wa pwani waliviita merikani na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwaka 1841 Uingereza nayo ikaweka balozi wake mdogo kisiwani humo. Mabaharia na mabalozi hawa walikuwa na vinywaji, dawa na manukato yao, na chupa tupu zilibaki.

Hata hivyo, wingi mkubwa wa chupa ulikuja baadaye. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za British India zikaanza kuiunganisha Zanzibar na safari za kawaida za Bahari ya Hindi. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani Tanganyika kuanzia mwaka 1885, ukifuatwa na wa Waingereza. Bia, soda, dawa na marashi vikawa vinaingia kwa makasha. Ndiyo maana chupa nzima inayookotwa leo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya baada ya mwaka 1870 kuliko ya kabla yake. Anayedai kuwa na chupa ya kabla ya 1863 anapaswa kuwa na ushahidi, na ushahidi huo huanzia chini ya chupa.

Kitako: mahali pa kuanzia

Kabla ya mashine, fundi alichovya bomba refu la chuma ndani ya kioo kilichoyeyuka, akapuliza mpaka kikapata umbo la chupa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuutengeneza mdomo, na mdomo ulikuwa bado umeshikana na bomba. Msaidizi alichukua ufito wa chuma wenye tone la kioo cha moto kwenye ncha, akaubandika chini ya kitako ili chupa ishikwe kwa upande huo. Bomba likatengwa, mdomo ukapashwa moto na kuundwa, kisha ufito ukagongwa na kung'oka. Mahali ulipong'oka palibaki kovu.

Kovu hilo ndilo alama ya kwanza ya kutafuta. Linaweza kuwa duara lenye kingo kali zinazokwaruza kidole, kipande cha kioo kilichomeguka katikati ya kitako, au doa jekundu au jeusi lililoachwa na chuma chenyewe. Kwenye chupa za mvinyo, kitako mara nyingi kilisukumwa ndani kwa kina, na kovu hukaa juu kabisa ya shimo hilo, hivyo ni lazima chupa igeuzwe kuelekea mwanga ili lionekane.

Kuanzia miaka ya 1850 viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kuacha ufito na kutumia kibanio cha chuma kilichoikumbatia chupa ubavuni. Kibanio hakikuacha kovu chini. Kufikia miaka ya 1870 kovu la ufito lilikuwa limekuwa nadra kwenye chupa za kawaida. Kwa hiyo chupa yenye kovu la kweli inaangukia, kwa uwezekano mkubwa, upande wa kabla ya 1863 au jirani sana na mwaka huo, na inastahili kutolewa taarifa.

Lipo kovu jingine linalochanganya watu. Mashine iliyobuniwa na Mmarekani Michael Owens, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1903 huko Toledo, Ohio, ilinyonya kioo kutoka kwenye tanuri na kukikata kwa kisu. Kisu hicho kiliacha chini ya chupa mstari wa duara, mwembamba, uliokaa kombo, na wakati mwingine wenye mikunjo kama unyoya. Duara hilo haliko katikati ya kitako na halikwaruzi kama kovu la ufito. Linathibitisha kwamba chupa ni ya karne ya 20.

Mshono: mstari unaosimulia kalibu

Baada ya kitako, chupa inazungushwa polepole mbele ya mwanga huku ukucha ukipitishwa ubavuni. Kinachotafutwa ni mshono, yaani mstari mwembamba ulioinuka pale ambapo vipande viwili vya kalibu vilikutana.

Chupa isiyo na mshono wowote, yenye mwili usiolingana sawasawa na shingo iliyopinda kidogo, huenda ilipulizwa kwa mkono bila kalibu. Chupa ya mraba inayopungua upana kuelekea chini, ambayo Waholanzi walijazia jini na kuipanga ndani ya makasha, mara nyingi iliundwa kwa kalibu ya kipande kimoja, na kupungua huko kulirahisisha chupa kuchomolewa.

Mwaka 1821 Henry Ricketts wa Bristol, Uingereza, alisajili kalibu ya vipande vitatu. Chupa iliyotoka humo ina mshono unaozunguka begani kama ukanda, na mishono miwili inayopanda kutoka hapo kuelekea shingoni, huku mwili wa chini ukibaki laini. Chupa ya namna hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1821. Hata hivyo, mtindo huo uliendelea kwa miongo mingi baadaye, hivyo mshono wa begani peke yake hautoshi kusema chupa imevuka mpaka wa 1863. Hapo ndipo kitako kinapoombwa ushahidi wa pili.

Mshono wa kalibu ya vipande viwili hupanda pande zote mbili za chupa. Swali la msingi ni unaishia wapi. Ukikatika shingoni kabla ya kufika mdomoni, maana yake mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na zana ya fundi iliufuta mshono sehemu ya juu. Ukipanda mpaka ukapita juu ya mdomo wenyewe, mdomo na mwili vilitengenezwa na mashine kwa pamoja. Chupa hiyo ni ya karne ya 20, na mjadala wa masalia ya kale huishia hapo.

Mdomo na kizibo

Mdomo huonyesha jinsi chupa ilivyozibwa, na vizibo vingi vina mwaka wa kuzaliwa unaojulikana. Chupa za zamani zaidi ziliwekewa kizibo cha gome la mti, kikafungwa kwa uzi au waya ulioshikwa na ukanda wa kioo uliozungushwa chini kidogo ya mdomo. Ukanda huo ukiwa haulingani, umepishana ncha zake, au umeacha tone la kioo lililotiririka shingoni, uliwekwa kwa mkono.

Chupa zenye umbo la yai, ambazo haziwezi kusimama, zilitengenezwa kwa ajili ya maji ya soda tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa kuwa zililazwa, kizibo kilibaki na unyevu na hewa haikutoroka. Zilitumika mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo umbo hilo peke yake halitoi hukumu.

Chupa ya gololi ni rahisi zaidi kuipanga. Mwingereza Hiram Codd aliibuni katika miaka ya 1870: shingo imebanwa mahali pawili, na ndani yake imo gololi ya kioo ambayo msukumo wa hewa ya soda uliibana juu kwenye mpira wa mdomo. Ni chupa ya kuvutia na wanaotafuta mapambo huipenda, lakini haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1863. Hali ni hiyo hiyo kwa kizibo cha waya kinachobinuka, kilichosajiliwa Marekani mwaka 1875, na kwa chupa yenye hesi ndani ya shingo, iliyosajiliwa na Henry Barrett wa Uingereza mwaka 1879.

Kifuniko cha bati chenye meno pembeni, ambacho watoto wa shule wengi walikitumia kuhesabia kwa jina la kisoda, kilisajiliwa na William Painter wa Baltimore mwaka 1892. Chupa yoyote yenye mdomo mnene wa duara uliotengenezwa kupokea kisoda ni ya baada ya mwaka huo.

Maandishi na rangi

Maandishi yaliyoinuka juu ya kioo ni shahidi mzuri pale yanapotaja nchi. Jina Tanganyika lilianza kutumika rasmi kwa eneo hili mwaka 1920, na jina Tanzania mwaka 1964. Chupa iliyoandikwa Tanganyika inakaa kati ya miaka hiyo, au ilitoka kwenye kalibu iliyoendelea kutumika muda mfupi baadaye. Maandishi ya Kijerumani yanayotaja Deutsch-Ostafrika, au tahajia ya Daressalam kwa neno moja, yanaelekeza kwenye utawala wa Wajerumani, uliokoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Herufi U.G.B. chini ya chupa ni za muungano wa viwanda vya chupa vya Uingereza ulioundwa mwaka 1913.

Alama moja ndogo inahitaji macho makali zaidi. Kati ya mwaka 1842 na 1883 Uingereza ilisajili maumbo ya bidhaa kwa alama ya msambamba uliosimama kwa ncha, wenye herufi na tarakimu kwenye pembe zake. Kuanzia mwaka 1884 alama hiyo iliachwa, ikafuatwa na herufi Rd na namba. Msambamba huo unavuka mpaka wa 1863 pande zote mbili, na mtaalamu anaweza kuusoma hadi siku ya usajili. Kwa sababu hiyo kipande cha kioo chenye alama hiyo hakipaswi kutupwa hata kama chupa yenyewe imevunjika. Kwa upande mwingine, maandishi ya rangi yaliyochomwa juu ya kioo yalianza kuenea katika miaka ya 1930.

Rangi ni shahidi dhaifu. Kijani kinatokana na chuma kilichomo ndani ya mchanga, na chupa nyingi za vileo za karne ya 18 na 19 zilikuwa na kijani kizito kiasi kwamba huonekana nyeusi mpaka zielekezwe juani. Hata hivyo, kijani hakikukoma katika karne hizo. Buluu ya kobalti yenye mistari iliyoinuka ubavuni ilitumiwa sana kwa sumu na dawa kali, ili anayeishika gizani aonywe na vidole vyake. Zambarau hafifu ni ya kipekee: kioo kilichotiwa manganizi ili kiwe cheupe hubadilika rangi kikikaa juani miaka mingi, na njia hiyo ilitumika zaidi kati ya miaka ya 1880 na karibu mwaka 1920.

Mambo yanayopotosha

Makosa manne hurudiwa mara kwa mara. La kwanza ni kudhani kwamba kuchakaa ni uzee. Mawimbi na mchanga huweza kuifanya chupa ya miongo michache iliyopita ionekane imefifia kama iliyopakwa chumvi, ilhali chupa ya karne ya 18 iliyokaa ndani ya tope inaweza kutoka iking'aa. Chaza na matumbawe yaliyoshika juu ya kioo nayo yanaonyesha kwamba chupa ilikaa majini, lakini hayasemi ilitengenezwa lini.

La pili ni kudhani kwamba kila chupa isiyo na mshono ni ya kale. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 mafundi walizizungusha chupa nyingi za mvinyo ndani ya kalibu ili kufuta mshono. Chupa hizo hutambulika kwa mistari hafifu inayozunguka mwili kwa ulalo, kama alama za gurudumu la mfinyanzi.

La tatu ni kutegemea viputo vya hewa ndani ya kioo. Viputo vingi vinaashiria kazi ya mkono au tanuri duni, lakini vyombo vya mapambo vya siku hizi hutengenezwa kwa viputo vya makusudi, na baadhi yake huuzwa kama vya kale.

La nne ni kuchanganya mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kutupwa. Pwani ya Waswahili haikutupa chupa ovyo. Chupa iliyoleta mvinyo iliweza kubeba mafuta ya nazi, asali, mafuta ya taa, marashi, au kombe la mgonjwa, na kupita mikono ya vizazi viwili kabla ya kupotea. Sheria inaangalia mwaka wa kutengenezwa, ilhali mwanahistoria huhitaji kujua yote mawili.

Mfano wa kusoma chupa nne

Tuseme mtu amepita ufukweni asubuhi moja akakuta chupa nne. Ya kwanza ni ya kahawia, mshono wake unapita juu ya mdomo, na mdomo ni wa kisoda. Mdomo unasema ni ya baada ya 1892, na mshono unasema ni ya karne ya 20. Haihitaji taarifa.

Ya pili ina gololi shingoni na jina la kampuni ya soda. Inaweza kuwa na zaidi ya miaka mia moja, na ni kumbukumbu nzuri ya biashara ya mji wake, lakini ni ya baada ya 1870.

Ya tatu ni nyeusi, nzito, ya duara. Ikielekezwa juani inaonyesha kijani. Haina mshono wala mistari ya kuzunguka, ukanda wa mdomo umekaa upande, na juu ya shimo la kitako lipo kovu linalokwaruza. Mashahidi watatu, yaani kitako, mwili na mdomo, wanakubaliana. Chupa hii ichukuliwe kuwa masalia ya kale mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Ya nne ni ya mraba, ya kijani, haina maandishi, mdomo wake umevunjika, na kitako kimelikwa na mchanga kiasi kwamba kovu halionekani. Hapa mwananchi hapaswi kubahatisha. Sheria haimtaki awe mtaalamu wa kioo. Penye shaka, taarifa ndiyo njia salama.

Mahali ilipokutwa ni nusu ya ushahidi

Wengi huamini kwamba thamani ya chupa imo ndani ya chupa. Kwa mtafiti, chupa iliyoondolewa mahali pake bila kumbukumbu ni kama barua iliyochanwa upande wenye anwani. Umri wake unaweza bado kusomwa, lakini haisemi tena ilifika kwa nani wala kwa njia gani.

Chupa moja nyeusi ya mwaka 1830 kwenye kabati la mapambo haina jipya la kusema, kwani makumbusho duniani yana maelfu ya namna hiyo. Chupa hiyo hiyo ikikutwa chini ya msingi wa nyumba ya mawe Kilwa Kivinje, pamoja na vigae na mifupa ya samaki, inaweza kusaidia kujua nyumba ilijengwa lini. Ikikutwa katika kundi la chupa zinazofanana, zilizotupwa pamoja na mawimbi sehemu moja ya ufuko, inaweza kuwa dalili ya meli iliyozama karibu.

Pwani hii ina historia ya meli zilizozama. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, na manowari ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg mahali hapo hapo tarehe 20 Septemba 1914. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unahusu mabaki yaliyokaa majini kwa miaka isiyopungua 100, bila kujali mpaka wa 1863. Kwa hiyo wavuvi na wazamiaji wanaokutana na mabaki ya meli wanashauriwa kutong'oa kitu, bali kuweka alama ya mahali na kutoa taarifa.

Hatua za kuchukua

Mwananchi anayekuta chupa anayoidhania kuwa ya kale anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, aipige picha ikiwa bado mahali ilipo, kabla ya kuigusa, akiweka pembeni kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama sarafu au kalamu. Picha ya pili ionyeshe mandhari, mathalani mnazi, mwamba au jengo, ili mahali pajulikane.

Pili, ikiwa imezikwa nusu, asiichimbue. Chupa inayochomoza kwenye ukingo wa ufuko au karibu na magofu inaweza kuwa juu ya vitu vingine vingi, na kuchimba bila kibali ni kuvunja sheria.

Tatu, ikiwa iko huru juu ya mchanga na maji yanajaa, anaweza kuihamishia mahali salama na kuandika siku, saa na mahali alipoikuta. Asiisugue kwa mchanga wala kuiosha kwa tindikali, kwani mashapo yaliyo ndani na karatasi iliyobaki nje ni sehemu ya ushahidi.

Nne, chupa yenye kimiminika na kizibo isifunguliwe wala kunuswa. Chupa za buluu zenye mistari zichukuliwe kuwa za sumu, na zikae mbali na watoto.

Tano, atoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu, kwa Makumbusho ya Taifa, au kwa uongozi wa Serikali katika eneo lake, akikabidhi pia nakala za picha. Asikubali kuiuza kwa mtu anayetaka kuiondoa nchini kabla umri wake haujathibitishwa.

Chupa ya kisoda na ya gololi zinaweza kubaki juu ya dirisha la aliyeziokota. Ile nyeusi yenye kovu, ikiwa na picha ya mahali ilipolala na tarehe ya siku hiyo, inaweza kueleza jambo kuhusu mji wa pwani ambalo hakuna mtu aliyeliandika. Picha hiyo haina gharama, lakini haiwezi kupigwa tena baada ya chupa kuondolewa.